Jiwe Jeupe la Baba

Jamani walimu wenzangu, tangu nirudi hamjanipa hata nafasi ya kumaliza kikombe cha chai. Kila nikiingia ofisini ni hilo hilo: "Vipi Dar? Mzee umemleta?" Nimechoka kujibu kwa vipande, maana kila mtu anaondoka na kipande chake na kwenda kukitia chumvi huko mbele. Basi nimeandika yote. Mambo ya ruhusa, mihuri na tiketi nimeyaruka, hayo hata nyie mnayajua yanavyochosha. Someni, mkimaliza mniache nisahihishe madaftari.

Kutoka Marangu

Kwa wageni wa shule hii, ambao hawajui habari za nyumbani kwetu: baba yangu Anaeli alifia Dar es Salaam nikiwa darasa la pili. Alikuwa na kibanda cha masufuria Kariakoo, na mama alikuwa naye huko huko. Sisi watoto tulilelewa na bibi hapa Marangu. Kikaingia kipindupindu mjini, baba akaugua asubuhi, na kesho yake hakuwepo. Siku hizo aliyekufa kwa kipindupindu hakusafirishwa. Mabwana afya walimfunga kwenye nailoni, wakamzika siku ile ile kwenye makaburi fulani upande wa Buguruni, mama akiwa amezuiwa kule mbali asisogee.

Nyie mnajua kwetu. Mchaga ataishi popote, atauza popote, lakini akifa anarudi kihambani kulala kati ya migomba, karibu na baba yake. Baba yangu hakurudi. Mama alibaki Dar miaka mingi akiuza mboga, na alikuwa akisema wazi kwamba hakai pale kwa sababu ya mboga, anakaa kwa sababu hawezi kumwacha mume wake peke yake. Alimwekea jiwe la marumaru, jeupe, lenye jina. Magoti yalipokataa kabisa ndipo tulipomrudisha nyumbani, na alirudi akilia. Siku hizi ana mtoto wa jicho, haoni zaidi ya kivuli cha mtu mlangoni.

Basi mwaka huu binamu yangu Eliakimu, ambaye anauza vyombo kwa jumla Kariakoo, akapiga simu. Barabara inapanuliwa, makaburi yale yanahamishwa. Mwenye ndugu yake aje amwonyeshe, apewe mabaki akazike anapotaka. Wasio na mtu watafukuliwa na kuzikwa pamoja kwenye kaburi moja huko nje ya mji.

Mama aliposikia alipiga kelele ya furaha, jamani, furaha! Kabla sijapata hata basi alikuwa ameshaagiza shimo lichimbwe kihambani, pembeni ya babu. Mchungaji akaambiwa, na kwaya nayo ikaambiwa.

"Utalijua tu," akaniambia asubuhi naondoka. "Jiwe jeupe, ubavuni mwa mwarobaini. Limeandikwa Anaeli. Ukifika lisafishe kwanza, usimsalimie baba yako juu ya uchafu."

Basi likaharibika Hedaru. Dereva akasema ni kitu kidogo, na nyie mnajua kitu kidogo cha dereva. Tulikaa kivulini mwa gari jua likituzunguka, utingo amelala chini ya injini akipokea ushauri wa wanaume wote ambao hawajawahi kushika spana. Jirani yangu wa kiti alikuwa mama mmoja wa Kilema, mwenye kikapu cha ndizi mbivu. Akaniuliza naenda wapi.

"Namfuata baba," nikasema. "Namrudisha nyumbani."

"Umefanya vizuri sana mwanangu. Mjini si pa kuzeekea." Akachambua ndizi zake, akanitolea kichana kizuri. "Mpe. Ni laini hizi, hata kama hana meno atakula."

Ningemwambia nini? Nilizipokea kwa mikono miwili nikasema ahsante, atafurahi. Nikageukia upande wa pili, na machozi yakanitoka palepale Hedaru.

Kariakoo

Tulifika kiza kinaingia, Eliakimu akanipokea stendi. Nyumba yao iko ghorofani, juu kabisa ya stoo yake, na asubuhi nilipoamka nilidhani kuna ugomvi chini. Hakukuwa na ugomvi. Ni wapagazi tu na mikokoteni. "Pisha mzigo! Pisha! Mzee, utakufa!" Mzee ni mimi. Ukisimama Kariakoo kufikiri kidogo tu umeshakuwa kizuizi.

Eliakimu ni mtu wa maneno matamu, ndiyo maana anauza. Alinikalisha kwenye supu ya utumbo na chapati mbili, akanipiga begani.

"Mwalimu, usiwe na presha. Tunaenda pale, tunaonyesha jiwe, wanachimba, jioni umeshamaliza. Kesho kutwa mzee yuko migombani. Hapa ni Bongo, mambo yanaenda."

"Wewe umeshawahi kwenda pale kaburini?"

Akachovya chapati yake kwenye supu. "Biashara, kaka. Unajua tena."

Nilijua. Sikumlaumu, maana mimi mwenyewe nilipelekwa pale mara mbili tu nikiwa mdogo, na ninachokumbuka ni mama ameinama na mimi natafuta kivuli.

Buguruni

Tulichukua bajaji. Makaburi yenyewe yalikuwa yameshabomolewa ukuta upande mmoja, na katapila limeegeshwa pale. Mwarobaini wa mama haukuwepo. Hata kisiki kilikuwa kimeng'olewa, na mahali pake pamemwagwa kifusi.

Msimamizi alikuwa dada mmoja anaitwa Rehema, ana kizibao cha njano na sauti ya upole. Nasema mapema, msije mkamlaumu: yule dada hakutufanyia ubaya wowote. Nilipomweleza alijua mara moja.

"Mstari wa kipindupindu huo," akasema. "Twende."

Jamani. Nimefundisha jiografia miaka yote hii, nimechora kulika kwa mawe ubaoni mpaka chaki imenikausha vidole, lakini sikuwahi kusimama mahali ambapo somo lenyewe limepangwa mistari namna ile. Wale waliowekewa graniti, ile nyeusi yenye madoa, majina yao yalisomeka kama yaliandikwa jana. Graniti ina kwatzi ndani yake, zile punje zinazofanana na kioo, na mvua haina la kuifanya kwatzi. Ina feldispa pia, ambayo polepole inageuka udongo, na ulanga unaobanduka, kwa hiyo nayo itakwisha, lakini itakwisha wakati hatupo sisi wala wajukuu wetu. Waliowekewa saruji yenye kokoto walikuwa wamebakiwa na kokoto zimejitokeza na saruji imerudi ndani.

Na waliowekewa marumaru, wale ambao ndugu zao walitaka kitu kizuri kuliko vyote, wengi walikuwa wanafifia. Marumaru ni kalsiti, ndugu wa damu wa chokaa. Maji ya mvua yanashuka na uchachu kidogo kutoka hewani, na mjini yanaongezewa moshi. Yakigusa kalsiti yanaiyeyusha na kuondoka nayo, kidogo kidogo, bila kelele. Jiwe linabaki jeupe, linabaki limesimama, ila maandishi yanaondoka.

Mstari ule ulikuwa na mawe meupe matatu yasiyosomeka. Mawili yalikuwa na makovu ya herufi, ukiinama na kuangalia kwa ubavu unaona paliwahi kuandikwa kitu. La tatu lilikuwa laini lote. Hapakuwa na kovu, hapakuwa na hata mkwaruzo, limelainika kama kipande cha sabuni kilichotumika.

"Lipi la mzee?" Rehema akauliza.

Nilikuwa nimesimama pale na mkoba wenye ndizi za baba, na sikujua nimpe nani.

Rehema akasema taratibu kwamba hawezi kufungua kaburi kwa kukisia. Kuna familia nyingine inaweza kuja kesho na kukuta mtu wao amepelekwa Kilimanjaro. Lazima kuwe na jina, au alama, au mtu anayelijua jiwe. Ana mpaka kesho kwa mstari huo, keshokutwa katapila linaanza.

Dukani kwa Mzee Salim

Mke wa Eliakimu ndiye aliyepata wazo. Mawe mengi ya zamani ya upande ule yalitoka kwenye duka moja Kariakoo, la familia ya Kiarabu, na duka bado lipo. Kwa hiyo asubuhi tulikuwa mlangoni kwa Mzee Salim kabla hajamaliza kufungua. Mzee mwenyewe ni mnene, amevaa kanzu na kofia, na ananukia udi. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akatuletea kahawa na kashata, na hakutaka kusikia shida yetu mpaka tumekunywa.

Baba yake ndiye aliyekuwa akichonga. Akamkumbuka mama! "Mwanamke wa Kichaga, mrefu? Analia na huku anabishana? Baba alimwambia achukue graniti. Akasema nyeusi ni ya huzuni, mume wangu hakuwa mtu wa huzuni. Akachukua nyeupe."

Moyo wangu ulipanda, jamani. Nikamwambia jiwe limefutika jina. Akakasirika.

"Marumaru yetu haifutiki! Wallahi, labda wameweka jiwe la mwingine. Baba yangu alikuwa anachonga kina hiki." Akanionyesha kwa ukucha.

"Mzee, marumaru inalika kwa mvua. Ni madini yake tu yalivyo, si kosa la baba yako."

"Mwalimu," akasema, "mimi nimezaliwa juu ya mawe. Twende nikakuonyeshe la baba yako."

Akafunga duka akaja nasi. Mzee wa umri ule, jua lile, akapiga magoti kwenye mchanga mbele ya mawe matatu na kuyapapasa. Alipofika kwenye mawili yenye makovu akatabasamu. "Haya yetu. Hisi hapa." Nikahisi: ukingo mwembamba umezunguka jiwe lote, mfereji mdogo kama mshono. "Baba hakuwahi kutoa jiwe bila ukingo huu. Ilikuwa sahihi yake."

Tukahangaika na yale makovu. La kwanza, tuliponyunyizia mchanga mkavu na kuupuliza, likatoa "Bi" mwanzoni. Mwanamke. La pili likatoa herufi ya mwisho, na ilikuwa "u". Anaeli haiishii na "u". 

Mzee Salim akahamia kwenye lile laini. Akalipapasa mbele, pembeni, juu, akarudia. Kisha akafuta mikono yake.

"Hili si letu. Halina ukingo. Halikuwahi kuwa na kitu hili, ni ubao mtupu wa marumaru, mtu amelichomeka tu." Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, jiwe la baba yako halipo hapa. Wezi wa mawe wapo, yanavunjwa na kuuzwa. Pole sana."

Rehema alikuwa amesimama pale pale, akasikia yote. Akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikatikisa kichwa. Nilimwamini Mzee Salim, maana alijua kazi ya baba yake na mimi nilijua vitabu tu. Rehema akaniambia pole, akamwita kijana wa kikosi chake, na nilipokuwa natoka nilisikia akisema kwamba yale matatu yahesabiwe na wasio na wenyewe.

Feri

Eliakimu hakutaka nirudi moja kwa moja ghorofani kulala na mawazo. Akanipeleka Feri, kule soko la samaki, kwa mama mmoja mkaangaji anayemjua. Mimi njaa sikuwa nayo. Nilikuwa nawaza namna ya kumwambia mama kwamba shimo lililochimbwa kihambani lifukiwe.

Tukaletewa changu aliyekaangwa akakauka, ugali, kachumbari na ndimu kwenye kisahani. Meza zao ni za terazo, ile saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe meupe na meusi halafu ikasuguliwa. Eliakimu akakamua ndimu juu ya samaki, maji mengine yakamwagika mezani, akafuta na kiganja huku anapiga hadithi za Simba na Yanga, ilimradi nisinyamaze.

Mkono wangu ulikuwa mezani. Vidole vyangu vikahisi kitu kabla kichwa hakijahisi. Meza haikuwa laini. Vile vipande vyeusi vilikuwa vimesimama juu, na kila kipande cheupe kilikuwa kimezama, kina shimo lake. Nikatazama upande wa ukutani, ambako hakuna anayekaa kula. Kule meza ilikuwa laini bado, cheupe na cheusi sawasawa.

"Dada," nikamwita mkaangaji, "hii meza imeharibiwa na nini?"

"Ndimu hizo," akajibu bila kugeuka. "Zinakula meza zetu kila siku. Tumechoka."

Nikatoa simu, nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Umeshamtoa?"

"Bado tunahangaika kidogo. Mama, nikuulize. Ulivyokuwa Dar, lile jiwe ulikuwa unaliosha na nini?"

Akacheka, na nilijua anakaa vizuri kwenye kiti chake, maana ni swali alilolipenda. "Na ndimu. Sabuni inaacha utando. Kila Jumamosi nikimaliza kuuza, zile ndimu zilizobaki naenda nazo. Nakata, nasugua jiwe lote, kikikauka kipande nachukua kingine. Herufi zilikuwa zinashika weusi, basi nazichokonoa moja moja na ganda. Na ule ukingo wake, huo ndio ulikuwa unanipa kazi! Lakini likitoka hapo linawaka. Wenzangu pale makaburini walikuwa wananiuliza, mama, wewe unafanyaje? Nawaambia ndimu, lakini wavivu."

Eliakimu alikuwa ameacha kula ananitazama.

"Halloo? Uko wapi? Sikiliza, ukiwa unarudi niletee ndimu za huko. Za huku kavu, hazina maji."

"Nitakuletea mama," nikasema.

Mvua ilinyesha juu ya mawe yale matatu sawasawa. Jua lilikuwa moja, na moshi na chumvi ya bahari vilikuwa vile vile. Mawili yalibakiwa na makovu na ukingo kwa sababu hakuna aliyekuwa anakuja. La tatu lilikuwa tupu kwa sababu mama yangu alikuwa anakuja kila Jumamosi. Lile lililopendwa kuliko yote ndilo lililofutika. Ndilo la baba.

Kurudi Buguruni

Sikumaliza yule samaki. Nilimwambia Eliakimu tukiwa tunakimbilia bajaji, na mwanzo hakunielewa.

"Una uhakika, kaka?"

"Nafundisha kitu hiki kila mwaka! Nadondosha asidi kwenye chokaa mbele ya watoto inatoa povu, tunapiga makofi! Ndimu si asidi?"

Rehema hakuwa ametupa namba yake, wala sisi hatukuwa na akili ya kuiomba. Eliakimu akampigia Mzee Salim, akamweleza kwa kelele, akamwomba aje aseme tena mbele ya Rehema. Dereva wa bajaji akakatiza Kariakoo ili tuwahi, na Kariakoo ikatufanyia ilivyozoea. Lori lilikuwa linashusha marobota ya mitumba katikati ya barabara, mikokoteni mbele na nyuma, na hakuna aliyekuwa na haraka isipokuwa sisi. Tulishuka, tukakimbia kwa miguu, wapagazi wakitutukana, tukapata bajaji nyingine ng'ambo.

Nilipofika niliona mstari kwa mbali. Ulikuwa umeshafukuliwa wote. Kulikuwa na mashimo, na mawe yamerundikwa pembeni kwenye kifusi.

Rehema alinikuta nimesimama. Nikamweleza, na nadhani nilieleza vibaya, maana nilikuwa nahema na kutaja kalsiti na ndimu na Jumamosi vyote pamoja. Lakini alinielewa. Niliona usoni kwake kwamba amenielewa na kwamba anatamani asingenielewa.

"Kaka, nisamehe. Mzee alisema si lenu, tukawatoa. Gari limeondoka muda huu."

"Twende tulifuate. Nionyeshe tu sanduku lipi."

Akatazama chini. "Hayana alama. Asiye na jina tunaandika nini juu yake? Wote wa mstari huu wako pamoja, na wakifika wanashushwa shimo moja."

Nikakaa chini mchangani, shati jeupe na kila kitu. Nililia, na sioni aibu kuwaandikia. Nilikuwa nimempata baba yangu, jamani. Nilijua alipolala kuliko nilivyojua kitu kingine chochote maishani, na alikuwa ameondoka wakati mimi nakaa mbele ya sahani ya samaki.

Mzee Salim akaja. Akaenda mwenyewe kwenye kifusi, akalitafuta lile jiwe laini, akaligeuza upande wa chini, ule uliokuwa umefukiwa ardhini ambako mkono wa mama haukufika. Akapitisha kidole. Ukingo ulikuwepo, mwembamba, safi, kazi ya baba yake.

"Nimemkana mteja wa baba yangu," akasema. "Mwanangu, nitakuchongea jingine. Graniti. Litadumu."

Nikamwambia ahsante mzee, lakini kaburi la kuliweka juu yake halipo. Akavua shuka lake la begani, akalifunga lile jiwe ndani, tukalibeba watu watatu mpaka kwenye bajaji. Zile ndizi nilizikuta kwenye mkoba zimeshakuwa nyeusi. Niliziacha kwenye shimo.

Marangu

Safari ya kurudi haina cha kusimulia. Basi halikuharibika hata mara moja, nami niliomba liharibike. Jiwe lilikuwa kwenye buti, na miguuni nilikuwa na mfuko wa ndimu za Kariakoo.

Watu walikuwa wamejaa nyumbani. Mchungaji amevaa joho, kwaya imekaa kwenye mabenchi ya kanisa, na shimo limechongwa kingo zake vizuri. Nikawaambia wazee kwanza, kando, kwamba mabaki yamekwenda kaburi la pamoja na hayawezi kutenganishwa. Baba mkubwa ndiye aliyemwambia mama. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama walioko naye huko walizikwa kwa sala, nikasema ndiyo, japo sijui.

"Haya. Nileteeni jiwe lake," akasema.

Tukaliweka mapajani kwake, zito vile vile, akalikumbatia. Macho hayaoni, kwa hiyo akaanza kulisoma kwa vidole. Alianzia pale ambapo jina linaanza. Akapita. Akarudi. Akashuka chini, akapanda tena, vidole vinatafuta.

"Jina liko wapi?"

Nyie mnaonijua mnajua sikosi maneno.

"Mvua, mama. Na hewa ya bahari."

Akatikisa kichwa. "Si mvua. Mvua ilikuwepo siku zote, na jina lilikuwepo. Limekosa mtu." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Niliwaambia mniache Dar. Mkanileta huku kwa nguvu. Ningebaki nikaliosha, jina la baba yenu lingekuwepo."

Nilifungua mdomo. Mungu anajua nilifungua. Nilikuwa na somo zima kichwani, na madini yote, na povu, na meza ya Feri. Nikamtazama mama ameshikilia lile jiwe na vidole vyake vilivyokakamaa, nikaufunga.

"Labda herufi zimejaa uchafu tu," akasema. "Ndimu zangu umeleta?"

"Nimeleta."

"Kata."

Nikaenda jikoni nikachukua kisu. Nikakata ndimu ya kwanza katikati, nikampa nusu mkononi. Akaanza kusugua pale pale mbele ya mchungaji na kwaya, polepole, kwa duara, kama mtu aliyerudi kwenye kazi yake. Chini ya kiganja chake povu jembamba likapanda. Mimi niliyekaa karibu nililiona, nikalisikia hata linavyochemka. Yeye hakuliona.

"Linaanza kung'aa?" akauliza.

"Linang'aa, mama," nikasema, nikamkatia nyingine.